Mpakiaji Anayeimba Kila Neno

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute saluni, mikono imejaa mafuta ya nywele na mdomo uko kazini kama kawaida yako. Mama anaendeleaje na goti lake? Na shemeji je, ameipeleka ile pikipiki kwa fundi, au bado anaamini ataitengeneza mwenyewe? Mpwa wangu mkubwa, yule aliyeng'oka meno ya mbele, yameota? Mwambie mjomba wake anauliza, na mdogo wake mpe busu la shavuni hata akikimbia. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na suruali zote nilizokuja nazo mji huu sasa zinanibana, kwa hiyo usianze kunihurumia.

Najua umeshangaa kupokea barua. Ujumbe wako wa sauti niliupata, ule ulioniuliza kama ni kweli nilisikika redioni, halafu kabla haujaisha ukajijibu mwenyewe kwamba haiwezekani, watu wamenifananisha. Nilitaka kukupigia. Lakini dada, tuseme ukweli, mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Mimi nikiwa bado nahangaika na mwanzo wa neno, wewe umeshafika mwisho wake, umelijibu, umeniaga na umekata. Karatasi haina haraka. Humu kigugumizi changu hakiingii, na wewe utanisikiliza mpaka mwisho kwa kuwa huna namna nyingine. Kwa hiyo hicho kichwa unachosuka mpe msaidizi wako, kaa chini, usome.

Ni kweli. Nilikuwa redioni. Ila lazima nianzie mbali kidogo.

Nilipopata kazi ya kupaka rangi kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza nilikuandikia kwamba ukumbi wenyewe unakaribia kufa, na sikukuongopea. Walikuwa wanaonyesha michezo mizito ya watu kukaa vitini na kulaumiana, na watazamaji walikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akikohoa, waigizaji walimjua ni nani. Mimi nilikuwa nachora ukuta wa nyuma ya jukwaa, mara sebule ya tajiri, mara mahakama, kisha naupaka upya kwa ajili ya mchezo mwingine ambao nao haukuleta mtu. Mhasibu wetu tunamwita Punguza, kwa sababu ndilo jibu lake ukimwomba kitu chochote, hata msumari. Punguza alikuwa ameanza kuulizia bei ya viti, na hakutaka kununua, alitaka kuuza.

Ndipo mwongozaji wetu akaja na wazo lake. Huyu ni mama wa makamo aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na mpaka leo sote tunamwita Mwalimu. Akasema tufanye mchezo wa nyimbo. Hakumaanisha kuchomeka wimbo mmoja mwishoni ili watu waende nyumbani wamefurahi. Alitaka mchezo ambao watu wanagombana kwa kuimba, wanatongozana kwa kuimba na wanafukuzwa kazi kwa kuimba, huku bendi nzima imekaa chini ya jukwaa. Punguza nusura azimie. Akasema bendi inakula, viatu vya wacheza dansi vinaisha, vipaza sauti vinataka betri, mavazi yanataka washonaji. Mwalimu akamjibu kwamba ukumbi mtupu nao unakula, tena haushibi. Mazoezi yakaanza.

Hadithi yenyewe ni ya kiwanda cha sabuni. Mwenye kiwanda amefariki, watoto wake wanakigombania, na wafanyakazi wanaamua kukiendesha wenyewe huku warithi wakiendelea kutukanana. Mwishoni pipa la kuchemshia sabuni linafurika, na mashine inamwaga povu la kweli jukwaani hadi magotini mwa watu wa safu ya mbele. Siku za mwanzo wacheza dansi walikuwa wanateleza kama vikombe kwenye trei iliyoinama. Mmoja aliserereka akaangukia kwenye ngoma kubwa ya bendi, akakaa humo mpaka wimbo ukaisha. Watazamaji wakadhani ndivyo ulivyo mchezo, wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma. Mwalimu akaamua abaki akianguka kila onyesho, na maskini kijana yule sasa anaanguka kwa mshahara.

Mimi niliingiaje? Nilikuwa juu ya ngazi nikichora mabomba ya kiwanda, na wao chini wanafanya mazoezi. Ukikaa juu ya ngazi wiki baada ya wiki, nyimbo zinakuingia tu. Nikawa naimba nao huku napaka. Unajua nikiimba hakuna kinachokwama, maneno yanatoka kama maji bombani. Tangu utotoni ilikuwa hivyo, hata mama alikuwa ananiambia niimbe kama nina njaa. Basi yule aliyekuwa akiigiza mpakiaji, mtu wa kufunga sabuni kwenye maboksi, alipata kazi kwenye kampuni ya bima akatuaga asubuhi moja bila hata kuvua vazi la jukwaani. Mwalimu akainua macho kwenye ngazi. Nilipotaka kumweleza kwamba mimi siwezi, kwamba mpakiaji ana maneno ya kusema na mimi maneno hunigeuka, nilichukua muda mrefu kulisema hilo hivi kwamba likajieleza lenyewe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia mpiga kinanda, akamwambia kuanzia leo mpakiaji hasemi, kila neno lake litiwe muziki.

Dada, watu walivyocheka! Wenzangu wote wanaongea kidogo na kuimba kidogo, ila mpakiaji anaimba tu, hata akiuliza choo kiko wapi, hata akisema boksi limechanika. Mkubwa wake anamfokea kwa maneno makavu na yeye anajibu kwa sauti ya harusini. Watazamaji wakampenda kuliko warithi wote. Wiki za kwanza ukumbi ulikuwa nusu, kisha wale waliokuja wakarudi na dada zao, na dada zao wakarudi na ofisi nzima. Nikaanza kusikia nyimbo zetu kwa kinyozi na kwa wauza viatu. Kuna mama mmoja ameona mchezo mara nyingi mpaka akitoka anatusahihisha tulipokosea. Washonaji wamepata kazi, maseremala wamepata kazi, wauza karanga nje ya mlango wamekuwa safu nzima, na Punguza alionekana akitabasamu peke yake kwenye ngazi.

Sasa ndipo akaja bwana mmoja tunayemwita Tajiri. Ana kumbi kubwa katika miji mingine, na kazi yake ni kuchukua michezo inayopendwa na kuizungusha. Aliketi safu ya mbele, akalowa povu, na baada ya onyesho akatuita ofisini akasema anautaka mchezo wetu, wote kama ulivyo, na bendi yake. Kwa watu kama sisi, ambao juzi tulikuwa karibu kuuza viti, hiyo ilikuwa habari ya kutoa machozi. Akanishika mkono akanisifu sana mbele ya wote. Mimi nikataka kusema ahsante. Neno likakwama. Nikakaza shingo, nikafumba macho, unanijua ninavyokuwa, na nilipofumbua nikaona Tajiri anaangalia viatu vyake.

Sikumlaumu, na bado simlaumu, maana alisema waziwazi na kwa upole. Alisema biashara hii inauzwa kwa mdomo. Kabla mchezo haujafika mji, lazima kipenzi cha watu akasikike redioni, ahojiwe, atanie, awaalike watu. Kama mpakiaji hawezi, basi yeye analeta mwimbaji mwenye jina aigize nafasi hiyo, na mimi nitarudia rangi zangu kwa malipo mazuri. Mwalimu akakataa palepale. Tajiri akasema basi tufikirie, kuna kipindi cha redio cha asubuhi wiki ijayo, aende nani?

Dada, siku zile sikuwa na raha. Watu wote wa ukumbi ule, na familia zao, safari yao ilikuwa imesimama kwenye ulimi wangu. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu akajitolea twende wote, mimi nisalimie tu na yeye aongee kwa niaba yangu. Nilikuwa karibu kukubali. Na hapo nikakukumbuka wewe.

Nilikumbuka siku niliyotumwa mafuta ya taa, nikasimama dukani nimekwama kwenye herufi ya kwanza, na mwenye duka akawachekesha wateja kwa kunipa chumvi. Nilirudi nyumbani na chumvi. Wewe hukuuliza kitu. Ulinishika mkono tukarudi, na ulimwongelesha yule mzee mpaka akatubebea mafuta mwenyewe hadi mlangoni. Tangu siku hiyo uliongea kwa ajili yangu shuleni, hospitalini, kila mahali. Nilipoulizwa jina, ulilitaja. Mimi nimefika utu uzima nikiwa na heshima yangu kwa sababu wewe ulisimama mbele yangu ukiwa na mdomo kama mashine ya kusaga. Sijawahi kukushukuru kama inavyopasa. Nakushukuru sasa, dada, kwa moyo wangu wote. Lakini nikiwa nimekaa pale ukumbini nilijiuliza, huyu Mwalimu akiongea leo, kesho ataongea nani?

Kwenye bendi yetu kuna dada mmoja mpiga tarumbeta. Tunamwita Tarumbeta, ingawa ni mtu mkimya kuliko wote. Nilimweleza jambo hili tukiwa tunakunywa chai kwenye ngazi za nyuma. Nilichukua muda wangu. Yeye huwa hakumalizii neno na hakwepeshi macho. Anafuta tarumbeta lake polepole mpaka umalize. Nilipomaliza alisema, "Ukitaka kwenda, nenda. Ukikwama, kwama. Hakuna sheria inayokataza kukwama redioni."

Basi nikaenda peke yangu. Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zimefunikwa magodoro, na kuna kioo ambacho nyuma yake amekaa fundi mitambo. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu anayeongea kama anayefukuzwa. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini kabla ya mchezo. Nikaanza kusema nilikuwa napaka rangi, nikafika kwenye "napa-", nikakwama hapo. Akanidaka: "Unapata! Unapata nini, kaka?" Nikatikisa kichwa, nikaanza upya. Akanidaka tena: "Unapanda!" Basi wasikilizaji wa mji mzima wakawa wanaamini mimi ni mkulima.

Nikaweka mkono juu ya meza. Nikamwambia, "Ni-ni-ningoje. Nitafika."

Akaningoja, dada. Macho yamemtoka, lakini akaningoja. Nikasema nilikuwa napaka rangi. Nikasema nina kigugumizi tangu utoto, nikiimba kinalala, nikiongea kinaamka. Nikaeleza habari za kiwanda na povu. Ilichukua muda. Fundi nyuma ya kioo alikuwa anachora duara hewani kwa kidole, kwamba niharakishe, baadaye akachoka akaacha.

Wakafungua simu. Mama mmoja akauliza kama povu letu linaharibu viatu vya ngozi. Nikamjibu haliharibu, ila asije na vya suede, ile ngozi ya manyoyamanyoya. Simu ya pili ikapokelewa, pakawa kimya. Mtangazaji akaita halo, halo, akasema mtandao mbaya, akapeleka kidole akate. Mimi ule ukimya niliujua. Mtandao ukikatika unakuwa mtupu, lakini huu ulikuwa na pumzi ndani yake. Nikamshika mkono asikate.

"Tu-tupo," nikasema. "Chukua muda wako."

Alikuwa mwanamume, mjenzi wa matofali. Swali lake lilitoka kipande kwa kipande, na lilikuwa hili: hiyo tiketi, lazima mtu aongee dirishani, au anaweza kuonyesha kwa vidole? Nikamwambia aje aongee, muuza tiketi atamsubiri, nitamwambia mwenyewe. Akauliza na wa nyuma kwenye foleni je? Nikamwambia hata wao. Yeye anakwama, mimi nakwama, tunapokezana, na mtangazaji amekaa katikati yetu ameshika vifaa vyake vya masikioni kwa mikono miwili. Ule muda wote ulikuwa wa matangazo ya dawa ya meno. Haikutangazwa. Fundi alikuwa ameweka kichwa juu ya mitambo, nikadhani amekasirika, kumbe anafuta macho.

Nilitoka mle. Nilijua nimeharibu. Tajiri alinipigia akasema tutaongea, kwa ile sauti ya tutaongea. Lakini siku iliyofuata foleni ya tiketi ilizunguka jengo, na muuza tiketi akanihadithia kwamba jamaa mmoja mwenye vumbi la saruji alisimama dirishani mpaka nyuma yake watu wote wakanyamaza, akataja safu anayoitaka kwa mdomo wake mwenyewe, akalipia, akaondoka kama mtu aliyeshinda kesi.

Tajiri ni mfanyabiashara, anajua kusoma foleni. Alirudi amechangamka na bango jipya limeshachorwa. Picha yangu kubwa, na chini yake: Kigugumizi Anayeimba. Alidhani nitafurahi. Wenzangu wakanitazama. Mwalimu akafungua mdomo kunitetea, kisha akaufunga, akaniachia.

Nikamwambia Tajiri namshukuru. Nikamwambia watu wanakuja kumwona mpakiaji wa sabuni, na wakimcheka wanamcheka kwa sababu anauliza choo kwa sauti nzuri. Hawaji kuangalia ugonjwa. Redioni sitafichwa, atakayetaka kunisikia atanisikia nilivyo, lakini kwenye bango sitauzwa. Dada, maneno hayo unayasoma kwa pumzi moja. Mimi yalinichukua muda wa kuchemsha chai. Hakuna mtu chumbani aliyenimalizia hata silabi moja. Tajiri akamtazama Punguza, labda akitegemea mtu wa hesabu atakuwa upande wake. Punguza akalichukua lile bango, akalitazama kwa mbali na kwa karibu, akasema, "Hayo maneno, punguza."

Tukacheka mpaka Tajiri mwenyewe akacheka. Bango sasa lina kiwanda, povu na watu wote, mpaka yule anayeangukia kwenye ngoma. Tunaondoka mwezi ujao kuzunguka, bendi nzima, washonaji wawili, na mimi bado ni mpakiaji. Asubuhi bado nashika brashi, maana kila ukumbi utataka ukuta wake.

Sasa shika kiti, dada, kwa sababu nililokuandikia hasa ni hili.

Nimechumbia. Ndiyo, ni yeye, Tarumbeta.

Wenzangu walipogundua ninavyomwangalia walinipangia mambo. Walitaka nimwombe jukwaani, mwisho wa onyesho, kwa wimbo, povu linashuka na ukumbi mzima umesimama. Mpiga kinanda alishaanza kutunga. Tajiri aliposikia alitaka kuuza tiketi za siku hiyo kwa bei ya juu. Nikakataa. Nikiimba ningesema vizuri mno, na yeye haolewi na mpakiaji. Nilitaka aombwe na mdomo huu huu atakaoishi nao.

Nilimwomba mchana, tukiwa tunasugua povu lililokauka sakafuni, yeye ana ndoo, mimi nina brashi. Nilikwama kwenye jina lake. Nikakwama kwenye neno nataka. Kwenye neno tuoane nilikwama sana, nikafikiri nitafia hapo. Aliweka ndoo chini, akasubiri. Hakuwa na tarumbeta la kufuta siku hiyo, kwa hiyo alikuwa ananiangalia tu. Nilipomaliza akauliza kama nimemaliza. Nikaitikia. Akasema amelingoja neno hilo tangu zile chai za ngazini, na alikuwa tayari kulingoja hata lingeanza leo likaisha kesho. Kisha akakubali, akainua ndoo tukaendelea kusugua, maana onyesho lilikuwa jioni ileile.

Wazazi wake wanataka kutuona kabla hatujasafiri. Nataka uje, wewe na mama, na shemeji kama pikipiki itamruhusu. Nataka nikiingia nyumba ile wewe ukae karibu yangu, kwa sababu bila wewe nisingefika popote. Ila nina ombi, na najua kwako ni kubwa kuliko kukuomba figo. Baba yake akiniuliza jina langu, dada, usiseme. Akiniuliza kazi yangu, usiseme. Nikikwama hadi chai ipoe, kunywa chai. Mimi nitafika. Baada ya hapo uongee upendavyo mpaka jua lizame, na nimeshawaonya.

Wifi yako anakusalimu. Amesema anatamani sana kusukwa na wewe, na kwamba yeye si mwongeaji, kwa hiyo mtaelewana vizuri mno. Mpelekee mama salamu zangu na umsomee barua hii taratibu, bila kuruka na bila kuongeza yako. Wabusu wapwa zangu. Mwambie shemeji apeleke pikipiki kwa fundi.

Nabaki kuwa mwenye shukrani nyingi kwako kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba,

Mdogo wako,
Mpakiaji